Jumamosi watoto wanakwenda kwa baba yao, Ijumaa usiku binti yangu hutapika

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Morogoro na nashona nguo kwenye baraza la duka la mtu. Binti yangu ana miaka tisa, mdogo wake wa kiume ana mitano. Niliachana na baba yao mwaka juzi baada ya ndoa ya miaka minane.

Sitaki kusimulia yote. Alikuwa ananipiga. Si kila siku, na hilo ndilo lililonichelewesha, maana kulikuwa na miezi mizuri mpaka mwenyewe nasahau. Mara ya mwisho alinivunja mkono wa kushoto. Binti yangu ndiye aliyepenya kwenye uzio wa michongoma usiku kwenda kuwagongea majirani. Alikuwa na miaka saba, hana viatu. Nilipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikatibiwa, kesi ikafunguliwa. Kisha mama mkwe na wifi yangu wakaja kunipigia magoti, nikaenda kusema nimesamehe. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Baraza la usuluhishi lilishindwa kutupatanisha, tukaenda mahakama ya mwanzo, ndoa ikavunjwa. Watoto nilipewa mimi. Baba yao aliruhusiwa kuwaona Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mbele ya mtu mzima tuliyekubaliana. Tulimkubali wifi, yaani shangazi yao. Watoto wamemzoea, na pale mbele ya hakimu sikuwa na jina jingine kichwani.

Wifi si mtu mbaya. Ila chumba anachokaa Kihonda analipiwa kodi na kaka yake.

Mdogo anampenda sana baba yake. Kuanzia Alhamisi anauliza kesho ndiyo Jumamosi? Mkubwa Ijumaa usiku hutapika. Nimempeleka zahanati mara mbili, malaria hana, hana ugonjwa wowote. Nikamwambia, basi wewe baki, aende mdogo wako peke yake. Akaniangalia akasema: "Nani atamwangalia?" Nikaishiwa maneno.

Mwezi uliopita walirudi na simu janja. Zawadi ya binti, ili awe anaongea na baba yake. Siku ya pili tunafua nguo, binti akaanza kunieleza mwenyewe kwamba shangazi alikwenda saluni, wakabaki na baba, na baba akamuuliza mama anarudi saa ngapi kazini, na kuna mjomba gani huwa anakuja nyumbani. Sina mtu yeyote, Dada. Lakini nilihisi baridi.

Sasa baba yao amehamia Dodoma kikazi. Anataka likizo ya Desemba wakae kwake wiki tatu. Ameshamwambia mdogo kwamba watapanda treni ya mwendokasi, na mtoto hana wimbo mwingine. Amesema nikikubali, Januari atampeleka shule ya kulipia. Kwa sasa anatuma elfu thelathini akijisikia. Ni kweli ameacha pombe, ana zaidi ya mwaka, anakwenda kanisani, na mchungaji wake alinipigia kuniambia nisimzuie mtu aliyetubu. Mama yangu anasema damu ni damu. Kaka yangu anasema nisiwapeleke tena hata siku moja, na akija ataonana na yeye. Wifi naye amenidokeza kwamba mtoto wa kiume akifika miaka saba sheria inampa baba, kwa hiyo heri nikae naye vizuri sasa.

Kwa kweli hajawahi kuwapiga watoto. Hilo lazima niliseme. Je, ninawaharibu nikiwapeleka, au ninawaharibu nikiwazuia? Na kuna kitu binti aliniuliza juzi sikuweza kumjibu: "Mama, ni lazima nimkumbatie?"

Mama wa wawili, Morogoro

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na asante kwa barua iliyonyooka.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani swali lako ni la Desemba. Mara ya pili nikadhani ni la kama baba yao amebadilika au la. Mara ya tatu nikasimama kwenye maneno mawili ya binti yako na sikuweza kuyapita. "Nani atamwangalia?"

Kwenye karatasi ya mahakama msimamizi wa ziara hizi ni shangazi. Kwa hali ilivyo, anayesimamia ni mtoto wa miaka tisa. Ndiye anayehesabu saa, anayejua baba amekaa wapi na mdogo wake yuko wapi, anayeyachuja maswali na kuyabeba mpaka nyumbani, na hata akipewa ruhusa ya kubaki anakataa kwa sababu haoni mwingine wa kushika zamu. Kazi hiyo aliianza usiku ule wa michongoma na hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha. Sijui kama kutapika kwake kunatokana na hilo. Mimi si daktari, na ningependa umpeleke hospitali akaonane na mtu wa ushauri nasaha wa watoto, si kupimwa malaria tena. Lakini ningekuwa wewe, kabla ya kujiuliza kama aende au asiende, ningejiuliza nani atampokea huo mzigo.

Uliandika kwamba hajawahi kuwapiga watoto, na ukasema lazima uliseme. Naheshimu unavyotaka kumtendea haki. Ila nikuulize taratibu: mtoto aliyemwona mama yake akivunjwa mkono, akatoka peku gizani kuita watu, tunaweza kusema hajaguswa? Anajua mikono hiyo inaweza kufanya nini. Mdogo wake alikuwa na miaka mitatu, huenda hakumbuki, huenda anakumbuka kwa namna asiyoweza kuisema. Ndiyo maana watoto wawili wa tumbo moja wanatoka kwenye mlango mmoja siku ya Jumamosi, mmoja anaruka, mwingine anaumwa. Wote wawili wanasema kweli. Usimwone mdogo kama msaliti kwa kumpenda baba yake, wala usimsukume mkubwa afanane na mdogo. Na hakuna sheria inayosema ndugu wawili lazima wawe na ratiba moja. Mmoja anaweza kukaa saa tatu na baba yake, mwingine akakaa nusu saa, au akapumzika miezi kadhaa, ilimradi mdogo awe mikononi mwa mtu mzima ambaye dada yake anamwamini. Bila sharti hilo la mwisho hatakubali kupumzika, umeshamsikia.

Nije kwa wifi yako. Nakubali si mtu mbaya. Lakini mtu anayelipiwa kodi na anayemsimamia atamwambiaje "kaka, inatosha, nawarudisha watoto"? Na ndiye aliyekuja kukupigia magoti uifute kesi. Simlaumu, alikuwa anamwokoa ndugu yake. Wewe pia usijilaumu kwa kuifuta. Ulikuwa na mkono kwenye plasta na familia nzima mlangoni. Nasema tu kwamba amepewa kazi ambayo hana nafasi ya kuifanya. Katika miaka yangu ya kusikiliza mambo haya nimewahi kumkuta msimamizi amelala mkekani, baba na mtoto hawaonekani, na baadaye alipoulizwa akasema hakukuwa na tatizo lolote. Naye alikuwa mtu mwema kabisa.

Kusimamia ni kazi yenye masharti, na masharti yake yasemwe kwa mdomo au yaandikwe. Msimamizi awaone watoto na awasikie muda wote, siyo kuwa tu kwenye nyumba hiyohiyo. Asitoke kwenda saluni. Awe na ruhusa ya kukatisha ziara bila kuomba samahani, na baba ajue hivyo kabla. Watoto wasiulizwe habari za mama: saa za kazi, wageni, njia ya shule. Wasiahidiwe mambo ambayo wazazi hawajakubaliana, na treni ni mojawapo. Wasinong'onezwe. Na makabidhiano yafanywe na msimamizi mwenyewe, wewe na baba yao msikutane, kwa sababu hizo dakika tano za mlangoni ndizo ambazo wanawake wengi wameumizwa wakati mtoto yupo salama kabisa ndani. Wengi hudhani hatari iliisha siku walipoondoka. Kwa wengine ndipo iliposhika kasi.

Utapata wapi mtu wa namna hiyo? Hapa sitakudanganya. Katika nchi nyingine, Uingereza kwa mfano, kuna vituo maalumu vya kazi hiyo, mtoto anapokelewa kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea na mtu aliyefundishwa anakaa palepale na kuandika. Sisi tuna afisa ustawi wa jamii, mmoja kwa watu wengi mno, na Jumamosi ofisi imefungwa. Hata hivyo nenda kwenye halmashauri au uulize ofisi ya kata yako. Nimeona ikikubalika ziara ya saa moja, mchana wa siku ya kazi, kwenye benchi la ofisi hiyo. Si mahali pa kupendeza, na aliyehamia Dodoma atalalamika kuhusu umbali. Lakini mtu anayetaka kumwona mwanawe husafiri, na mtu anayetaka jambo jingine huwa ndiye anayeona benchi hilo linamdhalilisha. Angalia atakavyolipokea, utajifunza kitu.

Ikishindikana, fikiria mtu mzima ambaye hamtegemei baba yao wala hakutegemei wewe: mwalimu mstaafu wa mtaani, mzee wa kanisa, nesi mnayeheshimiana. Sharti langu moja, ambalo watu hulisahau: asiwe anamwogopa. Na muulize binti yako. Usimwambie achague, hilo ni zito kwake. Muulize tu ni mtu mzima gani akiwepo yeye anaweza kucheza bila kuangalia nyuma. Jibu lake linaweza kukushangaza.

Kuhusu Desemba. Kuna jambo naona limekupita kwa sababu ya woga. Umeandika kama vile wewe ndiye unayetakiwa kukubali au kukataa. Amri iliyopo inasema mchana, mbele ya mtu mzima. Wiki tatu za kulala Dodoma hazimo humo. Kwa hiyo huhitaji kumkatalia. Unaweza kumjibu kwa maneno machache, kwa ujumbe ulioandikwa ili ubaki: mahakama ilipanga hivi, ukitaka tofauti tukaombe palepale. Inakutoa wewe kwenye ulingo. Kwa mtu ambaye zamani neno lako lilimkasirisha, si jambo dogo kwamba safari hii neno si lako. Lakini usimwambie hivyo mkiwa wawili peke yenu, na mjulishe jirani na kaka yako siku unayotuma.

Mahakama iliyotoa amri inaweza kuibadilisha hali ikibadilika, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu. Na hali imebadilika: amehama mkoa, msimamizi ameacha kusimamia, mtoto anaumwa. Unaweza kuomba msimamizi mwingine, saa chache zaidi, mahali pengine, au utaratibu tofauti kwa kila mtoto. Unaweza kuomba afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi na kupeleka taarifa. Unaweza kuomba binti asikilizwe. Sheria inataja matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa haki ya kutoa maoni. Hatari yake nikuwekee wazi. Njia hii ni ndefu, inakula siku za kazi, na yeye pia akifika mbele ya hakimu anaweza kuomba zaidi ya anachopata sasa, akionyesha mwaka wake bila pombe na barua ya mchungaji. Hakimu akamwamini, inawezekana. Ndiyo maana usiende peke yako. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na wapo hata huko kwenye kata. Kaa na mmoja kabla hujaandika chochote.

Njia ya kaka yako ni fupi zaidi, nami naielewa. Alikuona na plasta. Lakini ukisimamisha ziara kimyakimya, baba yao ndiye atakayekwenda mahakamani akiwa na amri mkononi, na wewe utaonekana uliyeivunja. Na "ataonana na mimi" ya kaka yako inaweza kukuletea kesi ya ugomvi mbele ya watoto hao hao. Mshukuru, umpe kazi nyingine: awe anawasindikiza watoto mpaka kwa msimamizi na kuondoka bila neno. Kama hawezi kuondoka bila neno, basi na yeye si mtu wa kazi hiyo.

Nasema hivyo nikiacha mlango mmoja wazi. Kama Jumamosi fulani una sababu ya kuamini kwamba watoto wako hatarini siku hiyo, ametoa vitisho, amerudia pombe, msimamizi hayupo, usiwapeleke kwa kuogopa karatasi. Baki nao, na siku hiyohiyo nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi ukaeleze na kuandikisha, ili iwe na tarehe. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, hailipiwi, na hata binti yako anaweza kuipiga. Kutokwenda kwa sababu iliyoandikwa siku ileile ni tofauti kabisa na kutokwenda kwa miezi mitatu bila maelezo.

Hilo la miaka saba lilinikera kidogo, maana nalisikia kila mwaka. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Basi. Haisemi kwamba siku ya kuzaliwa ya saba baba anakuja na begi. Baada ya umri huo linalotangulia ni lilelile, ustawi wa mtoto, kisha matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe na mila za jamii husika. Hata mila mnazotishana nazo hazisemi kitu kimoja. Kwa Waluguru, hapo hapo mlipo, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Sheria hiyo pia inataka mahakama iangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Kwa hiyo usikae vizuri na mtu yeyote kwa sababu ya tarehe ambayo haipo.

Na shule? Baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake hata kama wanalala kwako. Hilo ni deni lake, halinunui Desemba. Kama anaweza kulipa shule ya kulipia, anaweza pia kutuma matunzo kila mwezi bila kujisikia kwanza, na unaweza kuiomba mahakama ipange kiasi. Mwachie hiyo nafasi aionyeshe. Tena ningetamani umuulize kwa nini ni shule ya mdogo peke yake. Wawili ni wake.

Sasa je, amebadilika? Sijui, mdogo wangu, na mchungaji naye hajui, anamwona Jumapili. Kuacha pombe mwaka mzima ni kazi ngumu, simnyang'anyi hilo. Ila nina maswali yangu. Alipokuwa anakunywa, aliwapiga pia wenzake wa kazini na bosi wake, au alikuwa anakupiga wewe tu, ndani, mlango umefungwa? Kama alijua kuchagua wa kumpiga, pombe haikuwa yote. Ameshawahi kusema "nilikuvunja mkono," au husema "yaliyotokea yametokea"? Na akiambiwa hapana, hufanya nini? Hilo la tatu ndilo kipimo ninachokiamini kuliko vingine, na kwa bahati utaliona hivi karibuni. Mtu aliyebadilika huweza kukaa kwenye benchi la ustawi wa jamii mwaka mzima akicheza bao na mwanawe, akaja kwa wakati, akaondoka kwa wakati. Huyo baadaye mnaweza kumwongezea saa. Kumsamehe, ukipenda, kunabaki kati yako na Mungu wako. Ratiba ya watoto ni jambo jingine, na mchungaji akikupigia tena unaweza kumwambia hivyo kwa heshima zote. Unaweza hata kumuuliza kama yuko tayari kukaa yeye kwenye benchi kila ziara. Wengine hunyamaza hapo, wengine hukubali, na akikubali, umpime kama wasimamizi wengine.

Sikusahau mama yako. Damu ni damu, ndiyo. Na mtoto ana haki ya kumjua baba yake na kuwa na mawasiliano naye. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalisema hilo, kisha unaongeza kwamba isipokuwa pale ambapo ni kinyume na maslahi ya mtoto. Haki hiyo ni ya mtoto. Watu wazima wengi, akina baba na hata sisi akina mama tukiwa na hasira, huishika kama yetu. Na mawasiliano yana sura nyingi: simu ya dakika kumi kila Jumapili mbele ya bibi, barua, picha ya mchoro, zawadi inayopitia kwa msimamizi. Ukipunguza saa hujamfuta baba.

Wakirudi, usiwahoji. Najua moyo unavyokimbia. Lakini ukiuliza "amekuuliza nini, amesema nini" utakuwa unafanya kwa mlango wa mbele kile anachokifanya yeye kwa mlango wa nyuma, na mtoto atakuwa shahidi wa pande mbili. Muulize kala nini. Fua naye nguo. Umeona mwenyewe, alieleza mikono ikiwa kwenye povu. Akishasema, mshukuru, umwambie si kosa lake kuulizwa wala si kazi yake kujibu, na kwamba anaweza kusema "muulize mama." Kisha usiku akilala, chukua daftari uandike tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza chumvi. Daftari hilo litakufaa mbele ya afisa ustawi kuliko machozi, na yeye mwenyewe atakueleza hivyo.

Mdogo naye anahitaji ukweli wa saizi yake. Usimwambie baba amekataa, wala baba ni mbaya. Mwambie watu wazima hawajakubaliana kuhusu treni, na mkikubaliana ataambiwa. Atalia. Mwache alie, umkumbatie, na siku moja mpeleke tu stesheni aione ikipita. Nawafahamu watoto wa miaka mitano, hilo linaweza kutosha mpaka Februari.

Pita pia shuleni kwa mwalimu mkuu, uache majina ya watu wanaoruhusiwa kuwachukua watoto, pamoja na nakala ya amri. Dakika kumi, usiahirishe.

Nimeliacha swali la binti yako mpaka hapa kwa sababu hilo peke yake naweza kulijibu bila kusitasita. Hapana, si lazima amkumbatie. Anaweza kusalimia kwa mdomo, shikamoo baba, akakaa mbali. Adabu imetimia. Mwambie hivyo leo, kabla ya Ijumaa, na mwambie msimamizi pia ili asimsukume mbele ya watu. Na mwambie, kwa maneno hayohayo, kwamba usiku ule alifanya jambo kubwa, mama alipona, na sasa kuna watu wazima wa kumwangalia mdogo wake. Lakini usimwambie hilo la mwisho mpaka liwe kweli. Atakuuliza ni nani, na atataka jina.

Ile simu, izime sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Simu janja inaweza kumwonyesha aliyeiandaa mahali ilipo, mchana na usiku, na huenda anwani yako mpya haikuwa siri tangu siku ilipoingia ndani. Usiirudishe kwa mikono yako. Ipeleke kwa afisa ustawi au dawatini, useme ilivyokuja, wao waipokee na kuandika. Kisha niandikie, nijue binti alikupa jina gani.